Istilahi za Hisabati: Njia Tatu Zilizokutana Dzaleka

Utangulizi

Wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kaskazini ya jiji la Lilongwe, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Enzi za utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Wamalawi walimwondoa Banda kwa kura na serikali mpya ikafuta ada katika shule za msingi, Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi ya watu waliokimbia vita na mauaji katika Rwanda, Burundi na Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Kambi ilikusudiwa kupokea watu elfu 10 hadi elfu 12. Leo ina watu zaidi ya elfu 50, na kundi kubwa kati yao limetoka mashariki mwa Kongo. Ndiyo sababu Kiswahili kinasikika sokoni, makanisani na katika viwanja vya mpira vya Dzaleka, ndani ya nchi ambayo lugha yake ya taifa ni Kichewa na lugha yake ya ofisi ni Kiingereza.

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuitaja Dzaleka kwa fahari, kama ushahidi wa jinsi lugha yetu ilivyoenea kusini. Makala haya yanadhamiria kuuliza swali lisilo na fahari nyingi: mtoto anayeongea Kiswahili anapoingia katika darasa la hisabati nchini Malawi, Kiswahili chake kinamfaa nini?

Wengi wetu tungejibu haraka kwamba Kiswahili kina istilahi tele za hisabati, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kumpa mtoto istilahi hizo. Historia inaonyesha kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli. Lugha husafiri na watu, lakini istilahi ya hisabati husafiri na shule. Mtoto wa Uvira na mtoto wa Kigoma wanaweza kusalimiana, kutaniana na kugombana kwa Kiswahili, na bado wasielewane wakiulizwa kigawe ni nini. Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kufuata njia tatu ambazo nchi tatu zilipita, kisha tuone zinavyokutana Dzaleka.

Njia ya kwanza: kuunda maneno

Njia ya kwanza ni ya Tanzania. Wakati wa ukoloni wa Mwingereza, Kiswahili kilitumika kufundishia madarasa ya chini ya shule za msingi, na madarasa ya juu yalifundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha na andiko la Mwalimu Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Hisabati za darasa la tano hadi la saba, pamoja na sehemu zake, asilimia zake na jometri yake, sasa zilihitaji maneno ya Kiswahili.

Msingi wa kuanzia ulikuwepo. Biashara ya pwani ilikuwa imekwisha kutupa hesabu, jumla, faida, hasara na riba. Kiarabu kilikuwa kimetupa sita, saba na tisa, makumi yote kuanzia ishirini hadi tisini, mia na elfu. Kutoka Bara Hindi tulipata laki. Kilichokosekana ni maneno ya darasani, na hayo yalipatikana kwa njia mbalimbali. Mengine yalichukuliwa kutoka Kiarabu: namba shufwa, ambazo hugawanyika kwa mbili bila baki, na namba witiri, ambazo hubakiza moja. Mwislamu anayeswali witri baada ya isha hahitaji kuelezwa neno hilo la pili. Mengine yalitwaliwa kutoka Kiingereza na kuvikwa matamshi yetu, kama seti, desimali na jometri. Mengine yaliundwa kwa mizizi ya Kiswahili chenyewe: pembetatu, mstatili, kipenyo, mzingo, ujazo, uwiano, mlinganyo.

Inafaa tusimame kidogo kwenye maneno mawili, maana yanaonyesha jinsi maneno haya yalivyofumbata fikra. Tunasema kigawo na kigawe. Namba 3 ni kigawo cha 12 kwa sababu inaigawa 12 bila baki. Namba 12 ni kigawe cha 3 kwa sababu inagawika kwa 3. Tofauti yote imebebwa na irabu ya mwisho. Kiambishi -e hapa ni kile kile tunachokiona katika mtume, yaani aliyetumwa, na kiumbe, yaani kilichoumbwa. Kigawe basi ni kile kinachogawanywa. Mwanafunzi anayejua sarufi hii hana haja ya kukariri, kwa kuwa neno lenyewe linamkumbusha maana. Ukilijua hilo, kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 6, ambacho vitabu hukiandika KDS, ni ile namba ndogo kuliko zote ambayo 4 na 6 zinashirikiana kuigawa, yaani 12.

Maneno mengine ya aina hii yametoka shuleni yakaingia barabarani. Kokotoa lilikuwa neno la hesabu na uhasibu hadi mwaka 2018, mjadala wa mafao ya wastaafu ulipopamba moto nchini Tanzania na kikokotoo kikawa neno la kila mtu, hata la asiyewahi kushika kitabu cha hisabati.

Hata hivyo, njia hii iliishia mlangoni mwa sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari na chuo kikuu. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Kijana wa Tanzania alijifunza kigawo na kigawe kwa miaka 7, kisha akaingia kidato cha kwanza akakuta vitu vile vile vimebadilishwa majina usiku mmoja. Tanzania iliunda istilahi nzuri, lakini haikujenga daraja la kutokea.

Njia ya pili: kukopa maneno

Njia ya pili ni ya Malawi. Mwaka 1968 Kichewa kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, na kwa miaka mingi kilitumika kufundishia madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi. Mwaka 1996 Wizara ya Elimu ilitoa agizo kwamba watoto wa madarasa hayo wafundishwe kwa lugha zao za mama, si Kichewa peke yake. Baadaye Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 ilitaja Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza.

Katika miaka hiyo yote vitendo vinne vya hesabu vilikuwa na majina ya Kichewa, nayo ni ndugu wa majina yetu. Kujumlisha ni kuphatikiza, kutoa ni kuchotsa, kuzidisha ni kuchulukitsa na kugawanya ni kugawa. Tazama kuzidisha na kuchulukitsa: kwetu ni kufanya vitu vizidi, kwao ni kufanya vitu viwe vingi. Viambishi -isha na -itsa vinafanya kazi moja, ile ya kusababisha. Mswahili aliyefika Malawi jana ataweza kulikumbuka neno hilo akionyeshwa undugu huo mara moja tu.

Ngazi ya juu ya hapo, Malawi ilichagua kukopa. Jina la somo lenyewe, masamu, limetokana na Kiingereza, na hata nambala ni neno la Kiingereza lililovaa nguo za Kichewa. Mercy Kazima, msomi wa elimu ya hisabati wa Chuo Kikuu cha Malawi, alichapisha makala mwaka 2008 akilinganisha Malawi na Tanzania na Nigeria. Alionyesha kwamba Malawi ilielekea kukopa istilahi kutoka Kiingereza, ilhali nchi zile mbili ziliunda istilahi katika lugha za wenyeji, na kwamba kila njia ina faida na hasara zake.

Faida ya kukopa ni dhahiri: mtoto atakayekwenda kusoma kwa Kiingereza atakutana tena na neno ambalo sauti yake anaijua. Hasara yake ni kwamba neno la kukopa halimwambii mtoto chochote. Pembetatu inajieleza kwamba ni umbo lenye pembe tatu. Jina la Kiingereza la umbo hilo, likitamkwa kwa silabi za Kichewa, ni sauti tu mpaka mwalimu alieleze.

Aidha, kuhesabu kwenyewe kuna mambo yake. Kichewa huhesabu kwa kurudi kwenye tano: nane ni zisanu ndi zitatu, yaani tano na tatu, na sabini ni makumi asanu ndi awiri, yaani makumi matano na mawili. Utaratibu huu una mantiki safi, lakini majina ya namba huwa marefu, na haishangazi kwamba namba za Kiingereza zimeenea sana madukani na madarasani nchini humo.

Njia ya tatu: kuiachia lugha nyingine

Njia ya tatu ni ya Kongo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Lugha rasmi ni Kifaransa. Lugha za taifa zina nafasi yake mwanzoni mwa shule ya msingi, lakini hisabati inapopanda ngazi huachiwa Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili cha Bukavu, Uvira na Fizi kina utajiri mkubwa wa maneno ya soko, shamba, dini na siasa, lakini maneno yake ya darasa la hisabati yana asili ya Kifaransa. Mwanafunzi aliyefika madarasa ya juu ya shule ya msingi huko hajui KDS, anajua PPCM. Ni kitu kile kile, ila kwa herufi za Kifaransa.

Wenzake wa Burundi nao wamepitia Kirundi na Kifaransa. Wa Rwanda inategemea walisoma lini, kwa kuwa mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo iliamua kuachana na Kifaransa na kufundishia Kiingereza.

Njia zinapokutana

Sasa tuwaweke watoto hawa katika chumba kimoja Dzaleka, ambako mtaala ni wa Malawi na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ule wa darasa la nane, huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kongo anakuja na hisabati yake kichwani. Anajua kugawanya, anajua sehemu, anajua kutafuta PPCM. Lakini karibu kila alama ya kazi yake inaweza kusomwa vibaya.

Kwanza ni nukta na mkato. Tatu na nusu huandikwa 3,5 kwa desturi ya Kifaransa, na 3.5 kwa desturi ya Kiingereza. Pili ni namna ya kupanga mgawanyo. Aliyesoma kwa Kifaransa huweka kigawanyi upande wa kulia, nyuma ya mstari wa wima. Aliyesoma kwa Kiingereza hukiweka kushoto. Mwalimu asiyejua hili ataona fujo, kumbe mbele yake kuna mgawanyo sahihi. Tatu ni majina ya namba kubwa. Kwa Kifaransa, neno linalofanana na bilioni yetu lina maana ya milioni mara milioni, ambayo ni mara elfu moja zaidi ya bilioni tunayoijua sisi na Waingereza. Nne ni saa. Kwa Mswahili saa moja asubuhi ni wakati ambao Mmalawi, akifuata saa ya Kiingereza, anauita saa saba. Swali la mtihani kuhusu basi lililoondoka saa fulani na kufika saa fulani linaweza kumwangusha mtoto anayejua kutoa na kujumlisha barabara.

Kisha yapo maneno ya Kiingereza yenye maana mbili. Neno lake la namba witiri ni lile lile linalosemwa juu ya jambo la ajabu. Neno lake la zao la kuzidisha ni lile lile la bidhaa ya dukani. Neno lake la jedwali ni lile lile la meza. Mtoto aliyejifunza Kiingereza sokoni anajua maana ya pili na hajui ya kwanza.

Tusidhani kwamba maneno yetu hayana mitego. Tunasema kuzidisha, na mtoto anaelewa kwamba jibu lazima lizidi. Kisha tunamwambia azidishe 8 kwa nusu, anapata 4, naye anadhani amekosea. Tunasema kugawanya, na mtoto anafikiri juu ya kugawiwa chakula, ambapo kila mtu hupata kidogo. Kisha tunamwambia agawanye 12 kwa nusu, na jibu ni 24. Kuchulukitsa kwa Wachewa kuna mtego ule ule. Hapa tatizo si kukosa neno, ni neno la nyumbani kufanya kazi mpya darasani.

Wataalamu waliliona jambo hili hapa kwetu Afrika Mashariki zamani. Mwezi wa Septemba mwaka 1974 UNESCO iliitisha kongamano mjini Nairobi kuhusu uhusiano wa isimu na ufundishaji wa hisabati. Ndipo mwanaisimu M. A. K. Halliday alipoeleza dhana ya rejesta ya hisabati: kwamba lugha ya hisabati si orodha ya maneno mapya tu, bali pia ni maana mpya kwa maneno ya zamani na namna za kujenga hoja. Miaka 50 imepita, na bado tunapowaza kumsaidia mwanafunzi wa lugha nyingine tunakimbilia kuandika orodha.

Madhara ya kutolielewa jambo hili si madogo. Mtoto akishindwa swali, mtu mzima ana maelezo mawili ya kuchagua: hajui hisabati, au hajui neno. Akichagua la kwanza wakati ukweli ni la pili, mtoto hurudishwa madarasa ya chini, akakaa na watoto wadogo kuliko yeye na kufundishwa upya asichokisahau. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine warudi Dzaleka, na familia zilizohamishwa ziliondoka na watoto waliokuwa wakisoma. Kwa watoto wa namna hiyo, kupangiwa darasa lisilo lao ni kuongezewa hasara juu ya hasara.

Fundisho kutoka Lilongwe na Tanga

Je, lugha ya mtoto inaweza kumfikisha kwenye hisabati nchini Malawi? Lipo jaribio la kutajwa. Jijini Lilongwe watoto wa shule ya msingi walipewa kompyuta bapa zenye programu ya hisabati iliyoitwa Masamu, iliyotengenezwa na shirika la onebillion na kusema nao kwa Kichewa. Watafiti wakiongozwa na Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichapisha matokeo mwaka 2015: watoto waliotumia programu hiyo waliendelea katika hisabati kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida peke yake. Miaka michache baadaye shirika hilo hilo lilipeleka kazi yake, safari hii kwa Kiswahili, katika vijiji vya mkoa wa Tanga, na mwaka 2019 likawa mmoja wa washindi wawili wa tuzo ya Global Learning XPRIZE.

Mtoto wa Lilongwe alisikia Kichewa cha nyumbani, na mtoto wa Tanga alisikia Kiswahili ambacho ndicho cha shule yake. Mtoto wa Dzaleka yuko katikati. Kiswahili cha Tanga si cha shule aliyosoma, na Kichewa cha Lilongwe si cha nyumbani kwao. Tukimpelekea vitabu vya hisabati vya Tanzania tukidhani tumemaliza, tutakuwa tumemwongezea lugha ya nne ya hisabati juu ya Kifaransa, Kichewa na Kiingereza.

Wajibu wetu

Je, istilahi zetu hazifai Dzaleka? Zinafaa sana, ila kwa kazi tofauti na ile tuliyoizoea. Faida ya kigawo, kigawe, pembetatu na mlinganyo ni kwamba zinajieleza. Mwalimu anaweza kuzitumia kama maelezo, si kama majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mtoto anayejua PPCM akielezwa kwa Kiswahili kwamba ni kigawe kidogo ambacho namba mbili zinashirikiana, kisha akaonyeshwa herufi za Kiingereza atakazozikuta kwenye mtihani, amepewa daraja la hatua tatu, nalo linapita ndani ya lugha anayoifikiria.

Kwa wanafunzi wetu wanaokwenda kufundisha penye wakimbizi, napendekeza mambo matatu. La kwanza, kabla ya kumpa mwanafunzi mgeni jaribio lenye maneno, mpe lenye namba na alama tupu, umwache apange mgawanyo anavyojua. Hapo utajua anachokijua. La pili, muulize kitu hicho alikiitaje shuleni kwao, na uliandike ubaoni jina hilo karibu na la Kiswahili, la Kichewa na la Kiingereza. La tatu, kila neno la nyumbani linalopewa kazi mpya darasani, kama kuzidisha, kutoa na kugawanya, lifundishwe kama neno jipya, na mifano inayovunja maana ya zamani itolewe mapema, mtoto asije akashangazwa na nusu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2019 wakuu wa nchi za SADC, Malawi ikiwamo, walikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini uamuzi wa wakuu wa nchi haumsaidii mtoto wa Dzaleka kugawanya 12 kwa nusu. Atakayemsaidia ni mwalimu anayejua kwamba maneno ya hisabati yaliundwa na watu, kwa sababu fulani, katika shule fulani, na kwa hiyo yanaweza kufunguliwa na kuelezwa. Kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili kama yetu kabla haijawa ya idara za hisabati.